Mkono wa Bwawani

Miaka ishirini na saba baba aliamka saa kumi alfajiri,
akavaa buti za mpira, akashuka hadi Ruzizi
na reki yake ya mpini mrefu
kuvua.
Si samaki. Chupa za plastiki,
kandambili za mguu mmoja, vibuyu vya mafuta,
siku moja godoro zima,
vyote vilivyoteremshwa na mvua kutoka Kadutu
vikaingia ziwani, na ziwa,
ambalo halijui kukataa mgeni,
likavisukuma mpaka mdomoni mwa mtambo.

"Mashine ikishiba uchafu," alisema,
"mji unalala na njaa ya mwanga."
Tulimcheka. Mwanamume mzima, kazi yake kufagia maji!
Mama hakucheka. Alilinusa shati, akaliloweka.

Kilianza kidole gumba cha kulia,
kikisugua cha shahada, kama anayehesabu noti
ambazo hakuna aliyemlipa.
Kisha chai ikahamia kwenye kisahani.
Kisha uso ukafungwa kama duka la Jumapili,
nasi tukadhani ametukasirikia.
Jirani yetu Cibalonza akanong'ona: karuho,
wamemtilia kitu kwenye pombe ya ndizi.
Mwaka mzima tukanunua mizizi.

Daktari Nabintu, kule Muhungu, hakusema karuho.
Aligeuza karatasi ya dawa, akachora duara,
na ndani ya duara vijiduara.
"Seli moja ya ubongo. Hivi ndivyo viwanda vyake vya nguvu.
Huchakaa. Humwaga mabaki.
Lakini seli ina wafagizi wake:
huufunga uchafu kwenye kifuko,
huupeleka kunakomeng'enywa,
na kilichooza kinarudi kuwa chakula.
Seli hujila kidogo
ili isife yote."

Akachora nukta, akazikoleza wino mpaka karatasi ikatoboka.
"Kwa mzee, wafagizi wamezidiwa.
Protini zimejikunja vibaya, zimeshikana mafundo,
na zile seli chache zinazouongoza mkono
zinazimika, moja leo, moja kesho."

Baba aliukodolea macho mchoro ule.
Kisha akacheka. Uso haukucheka, kifua kilicheka.
"Daktari," akasema kwa ile sauti yake mpya, ndogo,
"hilo ni bwawa."

Nikauliza: wafagizi hawaamshwi?
"Huenda," akasema. "Wanajaribu, kwenye visahani vya maabara,
kwenye panya. Wakiamka, huenda seli zilizobaki zikaokoka.
Huenda."
Mara tatu, huenda. Nilizihesabu
kama mtu anayehesabu chenji sokoni Nyawera.
Vidonge alivyotupa havifagii.
Vinawasha mshumaa, basi,
na mshumaa una saa zake.

Jana usiku umeme ulikatika.
Bagira ikazimika kwanza, kisha Kadutu, kisha sisi,
mlima baada ya mlima, kama mtu anayevua nguo.
Gizani nilisikia pete ya baba
ikigonga mkono wa kiti: ta, ta, ta, ta.
"Nsimire," akaniita. "Kuna chupa imekwama."

Sikumuuliza wapi.
Nilikaa sakafuni, nikaushika ule mkono,
haukutulia, ulinitetemesha na mimi,
tukawa watu wawili juu ya mtambo mmoja.
Huko chini, nikawaza, kuna kijana
mwenye reki ya baba na tochi mdomoni,
maji yamemfika kiunoni, anatukana mji mzima.
Na huko ndani zaidi, kusikofika tochi,
nyuma ya paji hili la uso nililolibusu
likiwa na chumvi,
mfagizi mmoja asiye na jina
huenda
ndiyo kwanza anainua mpini.